Kidaka cha bafuni na amana ya waumini



Wazee wetu waliochimba ndiva na mifereji katika milima ya Upare walijua kwamba maji hayaendi ila yaonyeshwe mteremko. Mimi nililisahau hilo katika bafu la msikiti.

Fundi alijenga kidaka cha sabuni ukutani, akakisawazisha kitako kwa pimamaji. Nikamsifu, nikamlipa. Baada ya miezi michache, maji yaliyotuama humo yalipenya kwenye maungio ya vigae, na ukuta wa madrasa upande wa pili ukaota ukungu. Fedha ile ilikuwa sadaka ya waumini, wakiwemo wakulima wa tangawizi wa Mamba. Kosa la kutokagua ni langu.

Tulikibomoa, tukakijenga upya. Kitako sasa kinainama kuelekea nje, milimita 3 kwa kina cha sentimita 10. Dawa ya kuzuia maji ilipakwa kidaka kizima kabla ya vigae, kwani vigae pekee havizuii maji kupita maungioni.

Ndugu msomaji, kabla ya kulipa, mimina kikombe cha maji kidakani. Yakituama, kazi haijakwisha.

Wabillahi tawfiq.