Kipimo kipya katika motokaa: umeme wake utoke wapi?

Madereva wa Pangi wajua vema jinsi barabara ya kwenda Kindu inavyoitesa motokaa wakati wa mvua. Magurudumu yazama topeni, gari lapanda kilima kwa gia ya kwanza, na maji ya rejeta yachemka kabla dereva hajatambua lolote. Ndiyo sababu wenye motokaa za zamani hununua kipimo cha joto cha kuongeza, wakakifunga chini ya dashibodi. Nasi twawasifu. Lakini juma hili twapenda kuuliza jambo ambalo wengi hulipita mbio: kipimo hicho kipewe umeme kutoka wapi?

Njia nyepesi ni kuvuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Sindano itacheza, mwenye gari atafurahi, fundi atalipwa. Lakini kipimo kilichofungwa hivyo hakilali kamwe. Tuseme pamoja na taa yake ndogo chatumia wati 3 tu. Kwa betri ya volti 12, hiyo ni robo ya ampea. Mchana na usiku, kwa saa 24, zimekwenda ampea 6 za saa. Betri iliyoandikwa 60 itakuwa tupu kwa siku 10, na starta itakataa mapema zaidi. Mjini watu husukuma gari wakicheka. Huku kwetu, gari la kituo cha afya likikaa juma zima likingoja daraja litengenezwe, kisha usiku aletwe mama mjamzito anayetokwa damu, nani atacheka?

Basi, umeme wa kipimo utafutwe mahali panapoamka na ufunguo na kulala na ufunguo. Twende kwenye kisanduku cha fyuzi. Fundi ashike taa ya kujaribia, ncha moja kwenye chuma kitupu cha bodi, ncha ya pili kwenye fyuzi. Ufunguo ukiwa umezimwa, taa isiwake; ukiwashwa, iwake. Mara nyingi fyuzi ya wipa hufaa. Waya wa taa kubwa haufai, maana kipimo kitafanya kazi usiku tu. Lakini ile taa ndogo iliyo ndani ya kipimo yafaa iungwe na waya wa taa za dashibodi, ili iwake pamoja nazo.

Tena, msiguse waya unaolisha pampu ya dizeli. Kosa dogo hapo laweza kuizima injini katikati ya kilima. Wala msiibe umeme nyuma ya vipimo vya zamani vya gari: katika motokaa nyingi za kale vipimo hivyo hupewa volti 10 hivi, si 12, na kipimo kipya kitasema uongo. Dereva atakiamini, naye ataiunguza injini akiwa na moyo mtulivu!

Waya mpya upewe fyuzi yake mwenyewe, ya ampea 1 au 2, karibu na mahali ulipoanzia. (Ile desturi ya kuziba fyuzi kwa karatasi ya sigara tuiachie wale wanaotaka kuona moto.) Waya wa hasi nao ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu.

Wenye malori makubwa wajihadhari: mengi yana volti 24 kwa betri mbili. Kipimo cha volti 12 kitaungua humo. Kukiunga na betri moja tu si dawa, kwa kuwa betri hiyo itadhoofika na mwenzake atajazwa kupita kiasi. Afadhali kununua kipimo cha volti 24.

Kazi ikiisha, zimeni kila kitu, milango ikiwa imefungwa. Ondoeni kichwa cha hasi cha betri, mkaweke taa ya kujaribia kati yake na betri. Katika gari la zamani lisilo na saa wala redio, taa hiyo ikiwaka, kuna waya unaoendelea kunywa, na fundi asiondoke bado.