Kanisa la Husuni na Watu Waliouzwa
Juma hili, nilipokuwa nikiipitia ramani ya Rumania, jicho langu lilisimama juu ya kijiji kidogo cha Transylvania chenye majina mawili, Viscri kwa Kirumania na Deutsch-Weisskirch kwa Kijerumani, nami tangu hapo sikuacha kuwafikiria Wasaksoni wa huko, watu wa asili ya Kijerumani, ambao wahenga wao, walioanza kuhamia nchi hiyo katika karne ya 12 kwa mwaliko wa mfalme Géza wa Pili wa Hungaria, walilizungushia kanisa lao ukuta na minara hata likawa husuni, na ndani yake kila nyumba ikaweka akiba ya nafaka na nyama, kwani adui hapigi hodi. Lakini kuta hizo hazikuwafaa Januari 1945, Wajerumani wa Rumania wapatao 70,000, wanaume kwa wanawake, walipochukuliwa kwenda kutumikishwa katika Umoja wa Kisovieti. Wala hazikuwafaa baadaye, serikali ya Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa Rumania, ilipoitoza Ujerumani ya Magharibi fedha kwa kila roho iliyopewa idhini ya kuhajiri. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1989, waliosalia wakaondoka kwa wingi, wakabaki wachache mno. Mwaka 1999 UNESCO ikakitia kijiji katika orodha ya urithi wa ulimwengu, nami nafurahi kwa dhati. Walakini dola iliyowauza raia wake kwa hesabu ya vichwa ilitenda dhuluma ambayo heshima ya mawe haiwezi kuifidia. Leo wengi wa wakaao humo ni Warumania na Waroma, nao ndio wazitunzao nyumba zile.