Muhula wa Jaji na Amani ya Askari

Macaloe ni kisiwa kidogo katika Visiwa vya Quirimbas, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, askari wa pwani hiyo wamebeba kazi nzito ya kumtambua adui na kumwacha mvuvi aende zake. Mtu akikamatwa chomboni, kazi yetu sisi tuvaao sare hukoma mlangoni mwa mahakama. Baada ya hapo neno ni la jaji. Mwananchi akiamini neno hilo, bunduki yetu hupumzika. Asipoliamini, hatuna mapumziko.

Ndiyo maana hali ya majaji wa juu yatuhusu. Nchini Msumbiji, Baraza la Katiba lina majaji saba. Rais wa Jamhuri humteua mkuu wao, Bunge huwachagua watano, na mmoja hutoka katika baraza linalosimamia mahakimu. Katiba inawahakikishia uhuru, lakini muhula wao ni wa miaka mitano, nao waweza kurudiwa.

Tarehe 23 Desemba 2024 Baraza hilo lilithibitisha ushindi wa Ndugu Daniel Chapo katika uchaguzi wa urais. Ghasia zikazidi mijini. Hatusemi kwamba majaji walipindisha haki. Kupima hukumu si kazi ya askari. Twasema tu kwamba jaji anayengoja kuteuliwa tena hawezi kuepuka kushukiwa, hata akiwa mwadilifu. Na shaka hiyo ikifika barabarani, anayesimama mbele ya mawe si jaji, bali ni polisi, na raia anayeweza kupoteza maisha.

Jirani zetu wa Kenya walilijua jambo hili kwa machungu. Mwaka 1988 Katiba yao ilibadilishwa, majaji wakaondolewa kinga ya kazi zao. Kinga hiyo ikarejeshwa mwaka 1990. Katiba ya mwaka 2010 ikaweka kwamba Jaji Mkuu hatazidi miaka 10 katika cheo hicho, na kwamba jaji hustaafu akifikia umri wa miaka 70. Tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Huko Ujerumani nako, jaji wa Mahakama ya Katiba hukaa miaka 12, wala hachaguliwi tena.

Kwa hiyo, kikomo cha muhula peke yake hakitoshi. Muhula mfupi unaorudiwa humfanya jaji amtazame aliyempa kazi. Muhula mrefu usiorudiwa humwezesha kuitazama sheria. Ndugu wapiganaji, nasi polisi na askari tuliapa kuilinda Katiba. Hapana budi tuitii hukumu hata isipotupendeza, na tutamani majaji wasio na cha kuomba kwa mtu yeyote.