Kuku mmoja kwa watu wanane

Juma hili twaomba ruhusa ya kuingia jikoni. Akina baba wasiruke ukurasa huu, kwa maana habari yetu yawahusu wao kama iwahusuvyo akina mama, na mwishoni tunalo neno lao.

Dominika moja tulikaribishwa chakula nyumbani kwa mwalimu mmoja hapa Bukavu, mtaani Kadutu. Nyumba ile ina watu saba: baba, mama, watoto wanne, na mama mzee aliyemzaa baba. Pamoja na mgeni, hesabu ikatimia watu wanane. Mshahara wa mwezi ulikuwa haujafika, hata hivyo mama alikuwa amenunua kuku kwa ajili ya heshima ya mgeni. Alimkata vipande vikubwa, akamkaanga vizuri. Sisi tukapewa paja. Baba akapata paja la pili pamoja na firigisi, na mama mzee akapata kidari. Watoto wakagombania mabawa na mgongo. Mama mwenyewe aliketi karibu na mlango na ugali wake, akichovya katika mafuta yaliyobaki sufuriani.

Mtoto mdogo akamtazama, akauliza: «Mama, wewe hupendi kuku?»

Mama akacheka, akajibu: «Nimeshiba, mwanangu.»

Alikuwa bado hajala kitu. Sisi tuliona haya, na lile paja likawa gumu kumezwa.

Tangu siku hiyo tumelifikiri jambo hili. Mama yule hakukosa. Wala kuku hakuwa mdogo kupita kiasi. Shida ilikuwa katika namna ya kumpika na kumgawa. Kuku aliyekaangwa vipande vikubwa huhesabiwa kwa mapaja, na mapaja ni mawili tu. Lakini kuku aliyepikwa katika mchuzi wa bizari huhesabiwa kwa sufuria nzima, maana ladha yake na mafuta yake huingia katika mchuzi na katika viazi, na kila mwenye sahani hupata sehemu.

Tusisahau pia desturi za zamani. Katika makabila mengi ya Afrika ya kati na ya mashariki, wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Waganda wanajulikana sana kwa mwiko huo wa kale. Mahali pengi mwiko umekwisha kusahauliwa, lakini mazoea yamebaki: vipande vyema kwa baba na mgeni, mifupa kwa watoto, na mchuzi kwa mama. Na hao wanaopata kidogo ndio wenye kuhitaji zaidi: mama mwenye mimba, mama anyonyeshaye, na mtoto aliyeachishwa ziwa. Hapa Kivu twaijua sana bwaki, ugonjwa unaowavimbisha watoto miguu na kubadili rangi ya nywele zao. Kipande kimoja cha kuku hakiwezi kuuzuia peke yake, lakini nyumba iliyozoea kumpa mtoto mdogo sehemu yake ya nyama, ya samaki, ya maharagwe na ya karanga imekwisha kuanza kumlinda.

Basi, mchuzi huu watoka wapi? Husemwa kwamba neno lenyewe «curry» lilitoka kusini mwa Uhindi, katika lugha ya Kitamili. Huko Uingereza, mama mmoja aitwaye Hannah Glasse alikwisha kueleza upishi huo katika kitabu chake cha mwaka 1747. Pwani ya Afrika ya mashariki yamezoeana na bizari za Uhindi kwa sababu ya biashara ya baharini. Wala tusidhani kwamba kila kitu cha mchuzi huu kilikuwa cha Wahindi tangu mwanzo: pilipili kali, nyanya na viazi vilitoka Amerika, vikavuka bahari baada ya mwaka 1492. Kwa hiyo hakuna mtu wa kutuambia kwamba mchuzi usio na nazi si mchuzi. Watu wa pwani wana minazi, wakatia tui. Sisi wa bara tunazo karanga, nazo zatosha.

Kununua

Kabla ya kwenda sokoni, andika vitu unavyotaka, na kuku awe wa kwanza. Usichinje kuku wako anayetaga. Huyo akulisha kila juma. Afadhali jogoo wa ziada. Ukipata kuku mzee wa mayai, aliyekwisha kuacha kutaga, mara nyingi bei yake huwa nafuu. Watu humdharau kwa sababu nyama yake ni ngumu, lakini kwa mchuzi yeye ndiye bora, maana huvumilia moto na hutoa supu yenye nguvu. Dawa ya ugumu wake ni kipande kidogo cha papai bichi kilichotiwa sufuriani: utomvu wa papai hulainisha nyama.

Kwa sufuria moja ya watu wanane, pamoja na kuku, yatosha: viazi mviringo kilo 1, vitunguu 4, nyanya 5, punje 5 za kitunguu saumu, tangawizi kadiri ya kidole gumba, mafuta vijiko 4 vya chakula, na konzi mbili za karanga zilizokaangwa na kutwangwa.

Bizari zenyewe ni hizi, kwa kijiko cha chai: giligilani vijiko 2, jira kijiko 1, manjano kijiko 1, pilipili manga nusu kijiko, pamoja na karafuu 2 na pilipili kali kadiri ya watoto wanavyoweza. Ni kitu kidogo tu, ndiyo maana bizari si anasa. Ukiweza, nunua nzima, uzikaange kidogo pasipo mafuta, kisha uzitwange mwenyewe. Hivyo harufu yake hudumu, na tena unajua unakula nini. Mwaka 2019 wataalamu wa chuo kikuu cha Stanford walitangaza kwamba huko Bangladesh manjano ya kusagwa yalikuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu inayodhuru akili za watoto. Basi unga unaong'aa mno usikuvute.

Kukata

Hapa ndipo haki huanza. Kila paja likate mara mbili, upate vipande 4. Miguu ya chini ya paja 2, mabawa 2, kidari vipande 6, mgongo vipande 2. Jumla ni vipande 16, yaani viwili kwa kila mtu. Shingo, firigisi, ini na nyayo zilizosafishwa zitiwe katika mchuzi ili ziuongezee nguvu. Kisu na ubao vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine, na maji ya kuku mbichi yasirukie vyakula vinavyoliwa vibichi.

Kupika

Washa mbabula. Tia mafuta, na yakipata moto tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba. Sasa vumilia. Wengi huharibu mchuzi wao hapa kwa haraka. Vitunguu vikae motoni karibu robo saa, ukivikoroga, mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Utamu na rangi ya mchuzi vyategemea saburi hiyo, nayo hainunuliwi sokoni.

Kisha tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, halafu bizari. Bizari zitiwe katika mafuta, si katika maji, kwa maana harufu yake hufunguka katika mafuta. Koroga muda wa dakika moja tu. Zikiungua huwa chungu. Zikianza kushika chini, nyunyiza maji kidogo.

Tia nyanya na chumvi, uziache zivunjike kabisa mpaka mafuta yaonekane pembeni. Ndipo utie vipande vya kuku na kuvigeuza mpaka vyote vipate rangi. Ongeza maji lita 1, funika vizuri, punguza moto. Kifuniko chema huokoa makaa, na makaa nayo ni fedha. Kuku mchanga wa kufugwa kwa nyama huiva kwa dakika 40 hivi. Yule mzee ataka saa moja na nusu au mbili, na maji yaongezwe kila yanapopungua.

Zikibaki dakika 20, tia viazi. Mwishoni koroga karanga katika maji ya moto kidogo, uzitie, ukoroge taratibu kwa dakika 10, maana karanga hupenda kushika chini. Mchuzi utakuwa mzito. Nyama ikichomwa karibu na mfupa isitoe maji mekundu. Ukiwa mbali na siku ya mshahara, punguza kuku na kuongeza viazi, lakini usiache karanga: zaleta nguvu ya kujenga mwili.

Mchuzi huu waliwa na ugali, na ndizi, au na wali. Mchele upo karibu nasi, katika bonde la Ruzizi. Na kule Maniema kilimo chake kilienezwa na wafanyabiashara Waswahili wa karne ya 19. Kama hamna friji nyumbani, mchuzi uishe siku ile ile. Na ukibaki mpaka jioni, uchemshwe kabisa kabla ya kuliwa.

Kugawa

Sasa neno letu kwa akina baba. Mama aweza kukata vipande 16 na kupika kwa ustadi wote, lakini kama sufuria yawekwa mbele ya baba peke yake, kazi yake ni bure. Twashauri hivi: mama apakue sahani zote kabla mtu yeyote hajaanza kula, na sahani yake mwenyewe iwe miongoni mwa zile za kwanza. Wala mgeni hatakasirika. Sisi tulikuwa mgeni, nasi twakuambieni kwamba heshima ya mgeni haikai katika ukubwa wa paja. Mgeni mwenye akili huona haya kula chakula cha mtoto.

Tulirudi katika nyumba ile baada ya miezi kadhaa, tukamweleza mama mambo haya, naye akataka tujaribu pamoja. Kuku alikuwa mzee, na papai lilitoka nyuma ya nyumba. Baba mwenyewe alitwanga karanga, watoto wakimcheka. Wakati wa kupakua, mama akawapa wote vipande viwili viwili, akaiweka sahani yake mezani pamoja na zetu. Firigisi, ambayo sasa ilikuwa ndani ya mchuzi, ikamwangukia mama mzee. Akaitazama kitambo, akamtazama mwanawe, naye mwanawe akasema: «Kula, mama.» Akaila.

Hapakuwa na kelele wala ugomvi. Yule mtoto mdogo alipomaliza vipande vyake, akachungulia sahani ya mama yake, akaona mifupa. Hakuuliza swali siku hiyo.

Basi, akina mama, jaribuni Dominika ijayo, au siku yoyote mtakayojaliwa kuku. Na ninyi akina baba, kinu kinawangoja.