Kazi ya kuchunga nyama wa kufuga: iko na kesho?



Mama mumoja wa Likasi anatuuliza hivi: mutoto wake wa kiume alimaliza masomo, kazi kwenye kompanyi hakuna. Sasa bwana mumoja mwenye ferme anamutaka achunge nguruwe na kuku. Mutoto anakataa. Anasema: "Nilisoma kwa kuja kutosha mavi ya nguruwe?" Anataka kwenda kuchimba mawe na wenzake. Mama anaogopa mashimo.

Mama, tumesikia. Mutoto hasemi uongo: mavi iko, na mushahara ni kidogo, mara nyingi unakawia. Lakini watu wa hapa kwetu wanakula, na mayai na kuku mingi inaingia kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Tangu 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines, kuko waliotia feza yao ya mwisho katika mifugo. Lakini mwenye feza haiko kila mara mwenye kujua kufuga. Ni hapo mutoto wako anaweza kupata nafasi.

Kujua ni nini? Ugonjwa wa Newcastle unamaliza nyumba nzima ya kuku katika siku chache. Chanjo iko. Asiyejua anaitia ndani ya maji ya Regideso, na kloro inaua nguvu yake. Kuku wanakunywa bure, kisha bwana anasema dawa ni mubaya. Anayejua anatumia maji safi ya kisima, na anawanyima kuku maji saa moja ao mbili mbele, ili wakunywe yote mara moja.

Pesti ya nguruwe, ile haina dawa hata kidogo. Inaingia na viatu vya wageni, na mabaki ya chakula yenye nyama ya nguruwe. Basi mabaki yachemke muzuri, na mugeni abakie inje. Hata shemeji ya bwana!

Tena kuko kaye. Nguruwe jike anabeba mimba siku 114. Aliyeandika siku ya dume anajua usiku gani asilale. Anayekisia anaamuka asubuhi, anakuta mama amelalia watoto wake.

Jambo moja tunalikazia: wasipatane kwa kinywa tu. Waandike mushahara, siku ya kulipa, na sehemu yake ya wazao, tuseme kitoto kimoja kwa kila uzazi wa nguruwe. Waandike pia: pesti ikiingia, nani anapoteza nini? Maana siku ile muchungaji njo wa kwanza kusingiziwa.

Akipenda kusoma mbele, Université ya Lubumbashi iko na fakilte ya munganga wa nyama.

Mama, usimulazimishe. Umuombee kwa yule bwana juma moja ya kuangalia tu, na aende na kaye yake. Kisha utuandikie namna ilikwenda.