Land Rover ya Mokambo si chuma chakavu

Mwenzetu ameandika kwamba kufufua Land Rover iliyoko Mokambo, iliyoliwa na kutu, itembee kiangazi tu, ni kutupa fedha. Namkatalia. Anaitazama bodi, na hapo ndipo anapokosea: bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini, haishiki kutu kama chuma. Kinachooza ni chasisi. Unalala chini ya gari na nyundo ndogo, unagonga hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, na magamba mekundu yanakudondokea usoni. Hapo fundi hukata na kuchomelea kipande kipya. Kazi hiyo Lubumbashi inafanyika kila siku.

Na hiyo "kiangazi tu" anayoidharau? Huku kwetu ni tangu Mei hadi Septemba, vumbi likiwa jekundu na njia za vijijini zikipitika. Mvua zikianza, gari linaoshwa chini, linapakwa oili iliyotumika na kulazwa bandani.

Gari la kisasa analolisifu likizimika porini linataka kompyuta. Hili linataka spana, na mtu anayejua kuishika.