Mwandishi akiingia kambi ya waasi

Wadau, juzi hosteli tulibishana hadi usiku wa manane: mwandishi anayeenda kurekodi mateka msituni, si anawapigia debe waasi? Nikawatajia Jorge Enrique Botero wa Kolombia. Mwaka 2003 aliwarekodi Wamarekani 3 waliotekwa na FARC baada ya ndege yao kuanguka. Kweli, bila ruhusa ya waasi asingefika. Lakini jamani, ndugu zao nyumbani waliwaona wakiwa hai! Kuokolewa kwenyewe kulikuja Julai 2008. Miaka 5 na ushee!

Mimi nasema arekodi, ila atuambie wazi nani alishika bunduki pembeni ya kamera. Akilificha hilo, ndo anageuka msemaji wao. Nyie mnaonaje?